Kahawa ni ya Julai, Daftari ni la Januari

Mzazi akija kwenye cherehani yangu wiki ya kwanza ya Januari, akaweka mezani hela yote ya sare za watoto watatu bila kuomba punguzo, huwa simuulizi kitu. Nachukua vipimo, nakata kitambaa. Ila moyoni najua kahawa yake imeshauzwa, na bado iko mtini.

Nashona sare za shule hapa Kitendaguro, kata ya Manispaa ya Bukoba ambako mtu anaweza kuwa na anwani ya mjini na bado akaamshwa na mbuzi wake. Mume wangu ni fundi ujenzi. Nyumbani tuko saba: sisi wawili, mama yake, watoto wetu watatu na mtoto wa marehemu dada yangu. Kwa kazi hii ya sindano nimezijua bajeti za nyumba nyingi kuliko mwenyekiti wa mtaa, maana mtu akikosa hela ya sare lazima aeleze kwa nini, na akishaanza kueleza hanyamazi.

Watu wengi wanaotufundisha kubana matumizi wanatuambia tupunguze. Punguzeni nyama, punguzeni sukari, punguzeni vocha. Sikatai, lakini nyumba za huku kwetu zilishapunguza zamani. Hakuna tena cha kupunguza. Kinachotutesa ni tarehe. Hela ya kahawa inaingia katikati ya mwaka, shule zinafunguliwa Januari, na katikati hapo kuna miezi ambayo familia ina chakula cha kutosha lakini haina shilingi.

Nianze na hicho chakula, kwa sababu ndicho kinachotushikilia.

Kwa asiyepafahamu kwetu, kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba. Migomba iko juu, mibuni chini ya kivuli chake, na chini kabisa maharage, magimbi na maboga. Ukifungua mlango wa jikoni uko shambani. Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, lakini mvua hiyohiyo inausafisha udongo ukabaki hauna nguvu. Rutuba ya kibanja ililetwa kwa mikono, vizazi na vizazi: samadi, majivu, na nyasi zilizokatwa rweya, kwenye mbuga za nje ya makazi, zikaja kutandazwa chini ya migomba. Mama mkwe wangu ameshapita miaka 70 na hadi leo haruhusu ganda la ndizi livuke uzio. Nikimenya ndizi kwa jirani wakati wa shughuli, ananiuliza maganda yameenda wapi.

Kibanja cha baba mkwe kiligawanywa kwa ndugu. Kipande chetu ni kama nusu eka. Mkungu wa kati unatutosha siku mbili. Toigo, mvua za masika, ikinyesha vizuri, tunaweza kukata mikungu mitatu kwa wiki bila kulitesa shamba. Chungu cha mchana kinakwenda hivi: maharage yameloweshwa tangu usiku, yanachemka kwa kuni za matawi ya mibuni tuliyopogoa, yakikaribia kuiva naweka ndizi, kitunguu, nyanya, chumvi na dagaa, nafunika kwa majani ya mgomba, napunguza moto. Hela taslimu iliyoingia humo haizidi shilingi 2,000, kwa watu saba. Mgeni kutoka Dar es Salaam akila anasema tuna maisha mazuri, na kwa saa hiyo hakosei.

Hela inayotoka kila wiki bila kukosa ni ya dagaa, na hapo kalenda inaingia tena. Wavuvi wa mwalo wa Nyamukazi wanavua dagaa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti samaki na mitumbwi mingi inabaki ufukweni. Bei inapanda hata kwa dagaa waliokauka wiki iliyopita. Kwa hiyo nanunua katika giza, wale wabichi, naanika kwenye bati juu ya banda la mbuzi, mbali na mchanga na mbali na paka. Anayenunua fungu dogo kila siku analipa zaidi ya anayenunua bakuli kubwa mara mbili kwa mwezi, na anapata mchanga wa bure. Senene sitawahesabu. Wakishuka, Novemba hasa, watoto wanakesha chini ya taa za barabarani na ndoo zao, na bei ya sokoni siku hizo haina adabu, kwa hiyo tunakamata wa kwetu au tunakosa.

Kuna kishawishi kimoja ninachogombana nacho. Mnunuzi anapita na pikipiki anatoa shilingi elfu kumi, hata kumi na tano, kwa mkungu mzuri. Ukiwa huna hela ya sabuni, hiyo ni nyingi. Ila mkungu ukiondoka, kesho lazima ununue unga, na unga unataka mboga ya kununua, kwa kuwa ugali haupikwi chungu kimoja na maharage ukatosheka. Ukipiga hesabu ya siku mbili, sabuni hiyo imekuwa ghali. Mkungu nauuza ukiwa umezidi, basi. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, ukianzia Muleba, na waliopoteza migomba walikuja kujua gharama halisi ya chakula chao siku walipoanza kukinunua. Mpaka leo panga la jirani haliingii kwangu kabla ya kupitishwa kwenye moto. Wengine wanaona ni dharau. Waone.

Basi chakula kipo. Sasa hela.

Mibuni yetu ni ya robusta, kama mingi ya Bukoba na Muleba. Inachumwa kuanzia Mei na kuendelea hadi kyanda, kiangazi cha katikati ya mwaka, jua linapofaa kuanikia. Inakaushwa na maganda yake, inapelekwa chama cha msingi, AMCOS, inapigwa mnada, halafu unasubiri malipo. Mwaka mzuri tunapata kilo 150 hivi za maganda. Miaka michache iliyopita kilo ilikuwa inauzwa shilingi elfu moja na mia kadhaa. Msimu wa 2024 bei ya minadani ilivuka 4,000, na watu waliokuwa wamekata mibuni wapande miti ya mbao walijishika vichwa. Kwetu sisi hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi laki sita kwa mara moja. Hakuna mwezi mwingine nyumba yetu inaona hela ya namna hiyo.

Lakini turudi Januari. Ada hakuna, tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikaongezwa. Nilishukuru na bado nashukuru. Kilichobaki ni sare, viatu, madaftari, begi, na mchango wa chakula cha mchana ambao wazazi wenyewe tunakubaliana kikaoni. Kwa watoto wanne, mmoja akiwa anaingia kidato cha kwanza, unazungumzia laki mbili na ushee ndani ya siku chache, mwezi ambao mafundi wengi hawana kazi kwa kuwa wenye nyumba wamemaliza hela Krismasi.

Hapo ndipo butura inapoingia. Wasomaji wa nje ya Kagera huenda hawaijui. Mtu anakuja jioni, mara nyingi mtu mnayefahamiana, mnasalimiana vizuri, anazunguka mibuni yako anatazama. “Waitu, hii yako itatoa debe ngapi?” Mnakadiria. Anakupa hela siku hiyohiyo, hakuna fomu, hakuna mdhamini, na kahawa ikiiva ni yake. Wengine wanauza ikiwa bado maua. Serikali inapiga marufuku kila msimu, viongozi wanatangaza redioni, na biashara inaendelea baada ya magharibi.

Jirani mmoja, ambaye alinipa ruhusa niseme habari zake bila jina, aliuza kilo 100 kwa njia hii Januari ya mwaka ule wa 2024, kwa shilingi 1,500 kilo. Alipata 150,000. Julai kahawa hiyohiyo ingempa 400,000. Maana yake mkopo wa miezi sita wa laki moja na nusu ulimgharimu laki mbili na nusu. Mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu ina jina baya, na inastahili, lakini angalau yule anayekudai kila jioni unamwona na unajua unalipa riba. Butura haionekani kama mkopo. Inaonekana kama umeuza, na mtu aliyeuza hana wa kumlaumu.

Nimesikia wanaosema wanaouza kahawa mbichi ni wajinga. Huo ni upuuzi. Wenzetu wa mikoa mingine wanatutania kwamba Wahaya ni nshomile, wasomi wa kujisifu, na kweli huku utamkuta mwalimu mstaafu mwenye rafu ya vitabu ameuza kahawa yake ikiwa maua. Alikuwa anajua hesabu yote. Alikuwa na mtoto anayekwenda bweni Jumatatu.

Kwetu tuna sheria moja: hela ya kahawa hailali ndani ikiwa noti. Ikilala, inapata ndugu. Siku ileile tunakaa, mimi, mume wangu na mama mkwe, tunaipeleka Januari kabla haijatutoroka. Nanunua kitambaa cha sare za watoto wetu mwezi Agosti, pamoja na majora ya kushonea wateja, kwa kuwa Agosti muuzaji wa jumla anakubembeleza na Januari wewe ndiye unayembembeleza. Madaftari nayo nanunua kwa katoni wakati huo. Yanakaa ndani ya kabati la mama mkwe, ambalo hakuna mtoto anayethubutu kulifungua.

Kinachofuata ni matibabu. Bima ya afya ya jamii iliyoboreshwa, CHF, ilikuja kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Sisi tuko saba. Kwa bahati mama mkwe amevuka miaka 60 na anahudumiwa kama mzee, kwa hiyo kadi ilitutosha. Kuna nyumba zilizokaa kikao kuamua mtoto gani asiandikwe, na sidhani kama aliyeweka namba sita alikaa kwenye kikao cha aina hiyo. Baada ya hapo ni gari la samadi, nusu gari tukishindwa, kwa sababu shamba lisilolishwa Agosti halikatwi mkungu mwakani. Kinachobaki kinakwenda kununua hisa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Tetemeko la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 lilipopasua ukuta wa jiko letu, hatukulia njaa wala hatukukopa. Lilikuja Septemba, kahawa ilikuwa imelipwa, na mwenye nyumba ni fundi. Waliokuwa wameuza mbichi mwaka ule walilala chini ya turubai huku wakiona kahawa yao ikipita kwenye gari la mtu mwingine.

Mambo madogo nayataja haraka. Umeme: ukitumia chini ya uniti 75 kwa mwezi unabaki kwenye bei ndogo ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, ukizoea kuzidi unahamishiwa bei ya karibu mara tatu. Kwa hiyo cherehani yangu ni ya kukanyaga na pasi yangu ni ya mkaa. Usishangae ukinunua LUKU ya elfu mbili mwanzoni mwa mwezi ukapata uniti chache, maana kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida tangu 2023, inakatwa humohumo. Nunua LUKU ya kwanza ya mwezi ukiwa na hela, si usiku wa giza ukiwa na mia saba. Na wateja wangu wasio na hela Januari nawashonea kwa nusu taslimu na nusu mkungu, au nusu nyingine Julai. Wanalipa. Asiyelipa namjua, na mwakani anajijua.

Sasa kuna matumizi ambayo hakuna bajeti inayoyaweza peke yake, nayo ni msiba. Huku kwetu mtu hazikwi na familia yake tu. Kuna vyama vya kuzikana vya mitaa na vijiji, unachanga, na siku yako ikifika wanakuja na fedha, ndizi, maharage, kuni na mikono. Mwaka 2000 watafiti walihoji kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, wakiuliza kila mtu: ukipatwa na shida unamkimbilia nani, na nani anakukimbilia wewe? Walichokuta hakimshangazi mtu wa huku. Msaada unafuata undugu, ujirani na urafiki, lakini aliye nacho ana watu wengi wa kumkimbilia kuliko aliye fukara. Ndiyo maana sikosi mchango wa chama hata nikikosa sukari. Sukari naweza kuishi bila hiyo. Kadi ya chama ikifutwa, mama mkwe hatanisamehe akiwa hai, na akifa itakuwa aibu kubwa zaidi.

Na kuna Desemba. Ndugu zetu walioondoka wanarudi, barabara ya Muleba inajaa magari ya namba za mbali, meli ya Mwanza inajaa, kila mji una moshi. Walioondoka wana nafuu, hilo lilipimwa: kaya zaidi ya 900 za mkoa huu zilihojiwa kati ya 1991 na 1994, na watafiti wakarudi mwaka 2004 kuwatafuta watu walewale popote walipo. Matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Tunafurahi kuwaona. Wanaleta sukari, nguo, mchele. Lakini wiki mbili za wageni kumi zinamaliza mikungu ya Januari, na bahasha inayoachwa inaachiwa bibi, na bibi anaigawa kwa wajukuu wote sawasawa, hadi inakuwa shilingi elfu mbili mbili za pipi. Mwaka juzi mume wangu alimwambia kaka yake wazi: mwakani usilete soda, lete madaftari. Kaka alinuna siku nzima. Mwaka uliofuata alileta madaftari, na soda pia.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanawake kama 25 wa mitaa ya jirani. Kama vikundi vingi, tulikuwa tunavunja Desemba, katikati ya mwezi, ili kila mtu apate ya Krismasi. Hela za mwaka mzima ziliishia kwenye mchele, kuku na nguo za sikukuu, na wiki tatu baadaye haohao walikuwa mlangoni kwangu wakiomba deni la sare. Nikapeleka hoja tuvunje wiki ya kuelekea kufungua shule. Ilikataliwa. Mwaka uliofuata ilipita kwa kura chache, na wanachama wawili walijitoa wakisema tunawaharibia sikukuu. Mmoja amesharudi.

Tangu tarehe ihame, sijasikia mwanachama wetu aliyeuza kahawa mbichi kwa ajili ya madaftari. Kwa ajili ya ugonjwa wapo, na hilo kikundi hakijaweza. Krismasi imekuwa ndogo kidogo. Tunakula ndizi, tunakula kuku mmoja badala ya wawili, na mgeni akilalamika anaonyeshwa kabati.

Ninachoomba hakihitaji mradi wala mfadhili. Kama kikundi chako kiko kwenye nchi ya kahawa na kinavunja Desemba, pelekeni hoja ya kuhamisha tarehe kabla ya Oktoba, wakati hakuna aliyeshaanza kuitumia hela hiyo kichwani. Na vyama vya msingi, mkulima akiomba kwa hiari yake sehemu ya malipo yake ya Julai itunzwe na alipwe wiki ya kwanza ya Januari, mfungulieni daftari. Sisi mafundi sare tutakuwa wa kwanza kujua limefanya kazi.